Jina Limefika Wapi: Niliyojifunza Katika Ofisi ya Kata

Nilikuwa mtendaji wa kata kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, katika kata za uwanda wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, na mtu akiniuliza kazi ile ilikuwa nini hasa, humjibu kwamba ilikuwa kazi ya majina. Asubuhi anakuja mama mwenye kichanga, anataka mtoto aandikishwe. Baada yake anaingia kijana ambaye jina lake la cheti cha shule halilingani na lile la kitambulisho cha Taifa. Mchana wanakuja wazee wa ukoo na muhtasari wa kikao cha mirathi, na mwaka wa uchaguzi ukifika, meza ileile inapokea fomu za wanaoutaka udiwani. Magomvi mengi niliyoyasuluhisha pale, yakiwemo yaliyokwisha kufika polisi, yalianzia kwenye kitenzi kilichotangulia jina. Mmoja amesikia kwamba fulani "amependekezwa", mwingine amesikia "ameteuliwa", na wa tatu, ambaye kikaoni hakuwepo kabisa, anatangaza gengeni kwamba "amepewa".

Kwanza nieleze meza yenyewe ilivyokaa. Katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, mwenyekiti ni diwani, naye amechaguliwa na wananchi; wenyeviti wa vijiji nao wamechaguliwa; mimi katibu wao nimeajiriwa na halmashauri; na mkuu wa wilaya akitutembelea, yeye ameteuliwa na Rais. Njia tatu za kuupata wadhifa zimekaa kwenye benchi moja, na kila mwenye njia yake anaiona kuwa ndiyo bora. Diwani mmoja alipenda kunikumbusha mbele ya watu kwamba yeye "katokana na kura" na mimi "nimetokana na barua". Sikuwahi kumjibu kwa ukali, kwa sababu alisema kweli, na kwa sababu barua ina faida zake: aliyeajiriwa ana utaratibu wa nidhamu wa kumlinda, aliyechaguliwa ana miaka mitano, lakini aliyeteuliwa anaweza kulala ana cheo akaamka uteuzi wake umetenguliwa. Ndiyo maana watumishi wakiambiwa kwamba mkeka umetoka, yaani orodha ya teuzi mpya imetangazwa, husoma majina yaliyomo na wakati huohuo huyatafuta yale ambayo hayamo.

Neno "kuteua" ndilo lililonisumbua kuliko yote. Asili yake ni kuchagua kilicho bora miongoni mwa vingi, na kwa maana hiyo limeingia hadi kwenye ibada: Wakristo husoma habari za wateule wa Mungu, na Waislamu wanaomwita mtoto Mustafa wamemwita Mteule bila kuongeza neno. Lakini ofisini neno hilohilo linabeba mambo ambayo sheria imeyatenganisha kabisa. Mkuu wa wilaya akiteuliwa, amepewa kazi. Mtu akiteuliwa na msimamizi wa uchaguzi, hajapewa chochote isipokuwa ruhusa ya kuomba kura. Tena tukisema "Rais mteule" au "diwani mteule" tunamkusudia mtu ambaye hakuteuliwa na yeyote kwa maana hizo mbili, bali amekwisha kushinda kwa kura na anasubiri kiapo. Na askofu mteule naye ni yule aliyekwisha kutangazwa ambaye bado hajawekwa wakfu. Mgeni wa lugha angedhani tunafanya mzaha. Sisi wenyewe hatuoni tatizo mpaka siku maana mbili zikutane katika sentensi moja, na katika kata yangu zilikuwa zikikutana kila mwezi Agosti wa mwaka wa uchaguzi.

Siku ya uteuzi wa wagombea mwaka 2015 ilikuwa tarehe 21 Agosti, na mwaka 2020 ilikuwa tarehe 25 ya mwezi huohuo. Watendaji wa kata wengi hufanywa wasimamizi wasaidizi wa uchaguzi, kwa hiyo fomu za udiwani zilipokelewa kwetu hadi saa kumi jioni, kisha tukabandika majina ya walioteuliwa kwenye ubao wa nje, na wenye pingamizi wakapewa muda wao. Kabla ya siku hiyo kila mtia nia alipaswa kupata wadhamini, na hapa ndipo nilipojionea jinsi neno moja linavyoweza kuwakimbiza watu. Kwa sheria zilizotumika katika chaguzi hizo mbili, mgombea udiwani alidhaminiwa na wapiga kura wasiopungua 10 wa kata yake, wa ubunge 25 wa jimbo lake, na wa urais 200 katika kila mkoa kwa mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Kumdhamini mgombea ni kutia sahihi kwamba unamwona anafaa kusimama, basi. Lakini bibi mmoja aliyeombwa sahihi na kijana wa jirani yake alikuja ofisini ameshika kadi yake ya mpiga kura kwa mikono miwili, akakataa kiti nilichompa.

"Mwanangu mtendaji," akaniuliza, "huyu bwana akishindwa, watakuja kuuza mikorosho yangu?"

Nilimwambia hapana, bibi, hapa hapauzwi mkorosho wa mtu. Hakuridhika. Udhamini alioujua yeye ni ule wa vikundi vya mikopo, ambako mkopaji akitoroka mdhamini ndiye anayevuliwa bati, na udhamini mwingine aliousikia ni ule wa mahakamani, ambako mshtakiwa akikimbia mdhamini ndiye anayetafutwa. Wala hakuwa amesikia vibaya, kwa kuwa neno ni hilohilo. Nilimsomea fomu mstari kwa mstari, na alipoona kwamba hapana mahali palipoandikwa kiasi cha fedha ndipo alipokubali, na hata hivyo alitia sahihi kwa jina lake la kwanza tu, herufi kubwakubwa, akasema jina la babake haliweki dhamana.

Kuna pia hii ya kura za maoni. Vyama huziitisha ili wanachama waseme wanamtaka nani, halafu vikao vya juu hukaa na kuteua, na kwa kawaida vikao hivyo havifungwi na aliyeongoza. Jina lenyewe la kura limekwisha kueleza yote, maana maoni ni maoni. Hata hivyo, nimewaona watu wakichinja mbuzi usiku wa matokeo, wakamwita mtoto wao "mheshimiwa", kisha wiki chache baadaye likaja neno kwamba jina halikurudi. Huku kwetu husemwa hivyo: jina "hupanda", jina "hukatwa", jina "hurudi", kana kwamba jina ndilo linalosafiri na mwenye jina amebaki nyumbani kwake Kitangari anasubiri. Nimekuja kuona kwamba msemo huu wa mitaani una usahihi kuliko lugha ya kwenye mabango. Katiba yetu inataka mgombea awe amependekezwa na chama, maana mgombea binafsi hana nafasi, chama hupeleka jina, msimamizi huliteua likiwa halina dosari, wananchi huchagua, kiapo hukamilisha. Aliyeongoza kura za maoni yuko kwenye ngazi ya kwanza ya safari hiyo, na mbuzi wake amechinjwa mapema.

Mwaka mmoja wa uchaguzi palitokea jambo ambalo mpaka leo hunichekesha. Mgombea mmoja alijulikana kata nzima kwa lakabu aliyoipata ujanani kwenye ngoma ya sindimba, na nadhani hata mkewe alikuwa akilitumia lile jina la kwenye vitambulisho akiwa amekasirika tu. Tulipobandika orodha, wafuasi wake walikuja kwa pikipiki, wakasoma ubao kuanzia juu hadi chini, wakapandisha sauti kwamba jina la mtu wao limekatwa. Nilitoka nje, nikaweka kidole kwenye jina la pili. Mmoja wao akalisoma kwa sauti, akageuka kuwauliza wenzake, "Huyu ni nani?" Ilibidi mwenyewe aitwe aje ajitambulishe kwa wafuasi wake. Ni bahati kwamba karatasi ya kura ina picha na alama ya chama, vinginevyo yule bwana angekosa kura zake kwa kuwa na jina zuri mno la kuandikiwa.

Mambo ya mkoa jirani wa Lindi nayo yalitufundisha. Tarehe 19 Novemba 2015 tulikuwa ofisini tumezunguka redio wakati jina la Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, lilipopelekwa bungeni kuwa Waziri Mkuu. Furaha ya watu wa kusini ilikuwa kubwa, na wengi walianza kumwita Waziri Mkuu palepale, ingawa kwa Katiba uteuzi ule wa Rais ulikuwa haujakamilika mpaka Bunge liuthibitishe. Bunge lilimthibitisha siku hiyohiyo kwa kura 258, na kesho yake akaapishwa. Karani wetu, kijana mwenye maswali, aliuliza kwa nini kura zipigwe kama amekwisha kuteuliwa, na kama kura ndizo zilizomweka, kwa nini tuseme Rais amemteua. Lilikuwa swali la haki. Nilimjibu kwamba hapo yapo mamlaka mawili yanayolishika jina moja, la kwanza linalitoa na la pili linaweza kulikataa, na kwamba neno "kuthibitishwa" halikuwekwa pale kwa ajili ya pambo.

Miaka mitano baadaye, jimbo lilelile la Ruangwa likatuletea kitendawili kingine. Mwaka 2020 Majaliwa alibaki mgombea pekee aliyeteuliwa jimboni, akatangazwa kupita bila kupingwa. Kwa sheria ya wakati ule mtu wa namna hiyo alihesabiwa amechaguliwa, ingawa kwa kiti hicho hakuna karatasi iliyotumbukizwa sandukuni. Kijiweni kwetu mabishano yalidumu msimu mzima wa korosho: mmoja alishikilia kwamba amechaguliwa, mwingine kwamba ameteuliwa tu, na mzee mmoja fundi baiskeli akasema amechaguliwa na wale ambao hawakuchukua fomu. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imekwisha kuliondoa jambo hilo, mgombea pekee sasa anapigiwa kura ya kumkubali au kumkataa. Kwa maoni yangu kitenzi kimerudishiwa heshima yake.

Nisisahau wale wabunge wanaoitwa ovyo "wa kuteuliwa". Wabunge wa kuteuliwa kwa maana halisi ni wale wa nafasi zisizozidi 10 ambazo Katiba imempa Rais. Wanawake wa viti maalumu si hao. Majina yao hutoka kwenye vyama kwa uwiano wa kura. Nimewahi kumsikia mwanamke wa viti maalumu akikatizwa hotuba kijijini kwa kuambiwa kwamba yeye ni wa kuteuliwa hivyo hana wananchi. Aliyemkatiza hakujua anachokisema, na aliyekatizwa, kwa bahati mbaya, naye hakujua namna ya kumjibu.

Mkanganyiko huu haukomei kwenye siasa. Vyombo vya habari hupenda kutangaza kwamba fulani "ameteuliwa kuwania Tuzo ya Nobel", na msikilizaji wa kijijini huelewa kwamba kamati imekaa, imechambua, imemwona bora. Ukweli ni kwamba kwa tuzo ya amani, kila mwaka hupokelewa majina ya mamia ya watu na taasisi, na wanaoruhusiwa kupendekeza ni wengi, wakiwemo wabunge wa nchi mbalimbali na maprofesa wa fani fulani. Kwa hiyo barua moja ya mbunge mmoja yatosha jina kuingia kwenye orodha. Tena kumbukumbu za waliopendekezwa huwekwa siri kwa miaka 50. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, hakuna kamati iliyotangaza kabla kwamba amependekezwa. Tulisikia amepata, tukashangilia. Mtu anayetembea na kadi ya biashara iliyoandikwa kwamba aliwahi kuteuliwa kuwania Nobel ana kadi nzuri, lakini hatuna namna ya kuihakiki mpaka wajukuu zake wazeeke.

Kilwa, ambako nilikwenda kwa kazi ya mafunzo, nilikuta neno jingine limewachanganya watu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliorodheshwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati na kuyahifadhi, mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Neno "yakaondolewa" liliposafiri kutoka Kilwa Masoko hadi vijijini lilifika peke yake bila orodha yake, na nilikutana na mwendesha boti aliyekuwa na huzuni ya kweli kwamba magofu yao yamefutwa. Kumbe ilikuwa habari njema.

Sasa nije kwenye majina ya watu, ambako kazi ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Fomu ya serikali haijui mjomba. Inataka jina la mtoto, la baba na la babu mzaa baba. Kwa hiyo mtoto mmoja huwa na jina aliloitiwa kwa upande wa mama, jina la msikitini au la ubatizo, jina la nyumbani linalotokana na hali iliyokuwapo alipozaliwa, kama vile Shida, Tabu, Siwema au Sikudhani, na jina ambalo hatimaye nesi ameliandika kwenye kadi ya kliniki jinsi alivyolisikia yeye.

Namkumbuka bibi aliyeleta mjukuu kuandikishwa. Baba wa mtoto alikuwa Dar es Salaam, mama alikuwa amesimama nyuma amenyamaza.

"Mwandike jina la somo wake," bibi akasema.

"Somo wake ni nani, bibi?"

"Si mimi hapa!"

Somo, kwa maana hii, ni mtu unayeshiriki naye jina. Na ukanda wa pwani na kusini wapo akina Somoe wengi ambao jina lao limetoka humohumo. Lakini somo pia ni mwanamke anayemfunda mwari unyagoni, na ni lile linalofundishwa darasani. Bibi huyu alikuwa na nia ya kuwa vyote vitatu. Yule mama kijana alipopewa nafasi ya kusema, alisema kitu kimoja tu: kwamba jina likiwa la mkwewe, yeye hataweza kumkemea mtoto kwa jina lake. Nilidhani anatafuta kisingizio, mpaka bibi mwenyewe alipotikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mkwe hatajwi hovyo. Wakapatana kwamba kwenye daftari liingie jina la bibi, na mama atamwita mwanawe "Bibi". Niliandika. Mtoto yule alikua akiitwa Bibi na kila mtu, na siku ya kwanza shuleni hakuitikia mwalimu alipoita daftari.

Jando nalo lina mambo yake. Msimu wa likumbi, yaani kambi ya jando, baada ya mavuno, wavulana hurudi nyumbani na majina mapya, na kwa desturi za zamani kumwita mhitimu kwa jina lake la utoto ni kumtukana. Shule haina habari na likumbi. Mwalimu anaendelea kuliita jina lililosajiliwa, kijana anakaa kimya, mwalimu anahesabu kuwa hayupo au ana kiburi. Nilipenda sana namna mwalimu mkuu mmoja wa huko alivyolimaliza jambo hili: shule ilipofunguliwa aliwaita wazazi na makungwi wa kiume, akaandika pembeni mwa daftari jina jipya la kila mvulana kwa penseli, akawaeleza wote kwamba darasani ataita la penseli na kwenye mtihani litaandikwa la wino. Sijui kama kanuni zinaruhusu. Mahudhurio yalitengemaa.

Walioumia ni waliokulia kabla ya utaratibu kama ule. Ilipofika zamu ya vitambulisho vya Taifa, watu wazima walikuja na cheti cha shule chenye jina la utoto, kadi ya chama cha ushirika yenye jina la jandoni, na hati ya shamba yenye jina la mjomba. Wengi walisaidiwa na hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo haibadilishi jina. Aliyetaka jina la zamani life kabisa alihitaji hati ya kisheria ya kubadili jina na kuisajili. Wapo waliolipa fedha za kiapo wakiamini wamebadili jina, na wapo waliobadili jina pale ambapo kiapo kingetosha. Tukiwa kwenye majina yaliyohama kwa wenyewe, Wamachinga wa pwani ya Lindi hawakuulizwa na mtu jina lao lilipogeuka kuwa la kila mchuuzi wa barabarani nchini. Mmachinga mmoja aliniambia kwamba akijitaja kabila lake Kariakoo huulizwa anauza nini.

Mahakamani nako kuna "kutajwa". Mwenye kesi akiambiwa shauri lake limepangwa kutajwa, anafunga safari, anakusanya mashahidi, analipa nauli ya watu watano, halafu shauri linatajwa kwa dakika chache na kupangiwa tarehe nyingine. Kutajwa hakuna ushahidi. Ushahidi uko siku ya kusikilizwa. Nilikuwa nikiwaeleza hivyo wote waliokuja kuomba barua, na bado wapo waliopeleka mashahidi, kwa kuwa waliona aibu kesi yao kutajwa mbele ya hakimu bila ndugu kuwepo.

Lakini mahali ambapo maneno haya yaligharimu watu mali ni kwenye mirathi. Mtu akifariki, ukoo hukaa na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Muhtasari hupitia kwa mtendaji, huenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na mahakama ndiyo inayoteua. Anayeteuliwa hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa kwa warithi, kisha hurudisha hesabu mahakamani. Huo ndio uteuzi wenye kazi nyingi na mapato machache kuliko wote ninaoujua, lakini vijijini huonekana kama kutawazwa.

Familia moja ilikuja na muhtasari uliosema kwamba kikao "kimemteua" mdogo wa marehemu "kuwa mrithi". Mjane alikaa karibu na mlango, kanga ameivuta hadi kwenye paji la uso. Nilimwomba mdogo wa marehemu asome sentensi ile kwa sauti, naye akaisoma vizuri. Nikamuuliza ukoo una mamlaka ya kuteua kutoka wapi, na urithi umetajwa na nani wakati marehemu ameacha watoto wa kiume, na wao ni Waislamu, na katika mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume humzuia ndugu asirithi. Mzee mwenyekiti wa kikao alisema, "Mtendaji, sisi tuliandika tu ili mambo yaende." Nilimwambia ndiyo, lakini yataenda wapi? Wakakaa chini ya mwembe nje ya ofisi, wakaandika upya: kikao kinampendekeza fulani kuwa msimamizi wa mirathi. Mjane aliomba asomewe kabla ya kutia dole gumba, akasomewa.

Hayo hayakuzuia yaliyofuata. Mahakama ilimteua yule bwana, na msimu wa korosho ulipofunguliwa mwezi Oktoba alipeleka mzigo wote wa shamba la marehemu kwenye chama cha msingi, malipo ya mnada yakaingia, na fedha zikaishia kwake. Mjane alipouliza, alijibiwa kwamba aliyeteuliwa na mahakama haulizwi na mwanamke. Alikuja kwangu na nakala ya ule muhtasari aliyokuwa ameitunza ndani ya mfuko wa nailoni. Sikuwa na mamlaka ya kumvua msimamizi, na sikujifanya ninayo. Nilimwandikia barua ya kumtambulisha, akaenda mahakamani kuomba msimamizi aitwe atoe hesabu.

Nilikuwepo siku hiyo kwa kuwa niliitwa kuthibitisha muhtasari. Hakimu hakumkaripia yule bwana. Alimuuliza aliteuliwa kufanya nini, akajibu kwamba aliteuliwa kusimamia. Akamuuliza amesimamia vipi, akajibu kwamba ameuza korosho. Akamuuliza za nani. Hapo alinyamaza kwa muda, kisha akasema za marehemu. Akapewa tarehe ya kuleta orodha ya mali na hesabu ya kila kilichopokelewa. Wazee walikwenda shambani kuhesabu mikorosho mti kwa mti, wakaweka alama za chokaa, mafungu yakatolewa, na zile fedha za msimu akazirudisha kwa mafungu mawili baada ya kuuza pikipiki. Msimu uliofuata mjane alijiandikisha katika chama cha msingi kwa jina lake. Yule shemeji yake, ambaye sasa tunasalimiana vizuri, bado huniuliza tukikutana sokoni Newala kama usimamizi wake ungalipo, na mimi humjibu kwamba ulikwisha siku mahakama ilipopokea hesabu zake za mwisho. Yeye husema sawa, lakini barua ya uteuzi anayo, ameiwekea fremu.